SOMO KWA WENYE NYUMBA: Kupangisha Katika Siku Ngumu



Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, ndugu mmoja alitungoja mlangoni pa kanisa. Amestaafu mwaka huu, amepokea kiinua mgongo chake, na anacho kiwanja. Akatuuliza, "Mwalimu, fedha hizi nijenge vyumba vya kupangisha, au niziache benki? Mambo ya siku hizi hayatabiriki." Hatukuweza kumjibu pale pale juani. Tulimwahidi kwamba tutaandika, maana twajua swali lake ni la wengi katika parokia yetu: wastaafu, wajane walioachiwa nyumba na waume zao, na hata vijana wenye kiwanja kimoja na matumaini mengi.

Sisi si wataalamu wa uchumi. Tulitoka chuo cha ualimu, tukafundisha shule za msingi kwa miaka 37, na tangu tulipostaafu mwaka 2017 riziki yetu ni pensheni pamoja na nyumba ya vyumba sita hapa Tanga, tuliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na moja. Katika kazi hii ya kupangisha tumekosea mara mbili, na makosa yote mawili yalitugharimu sana. Ndiyo maana twathubutu kuandika.

Somo letu lina jambo moja tu: katika siku ngumu, mwenye nyumba haokolewi na pango kubwa; huokolewa na mpangaji anayekaa. Yote yanayofuata ni maelezo ya neno hilo.

1. TULIKOTOKA

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba wengi wetu hatukufundishwa kazi hii. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000/=, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Tulikua tukisikia kwamba mwenye nyumba ni mnyonyaji. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kililegeza masharti yale, na watumishi wengi wakaanza kujenga bila woga. Baadaye, mwaka 2005, Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 nayo ikafutwa. Tangu hapo kiasi cha pango ni mapatano ya watu wawili.

Basi twaona kwamba uhuru ulikuja, lakini ujuzi haukuja pamoja nao. Wengi hujenga kama jirani alivyojenga, hutoza kama jirani anavyotoza, na hali ikiharibika hulaumu wapangaji.

2. HESABU KWANZA

Mfano wa yule mtu wa mnara katika Luka 14 twaujua sote. Watu walimcheka kwa sababu ya hesabu, wala si kwa sababu ya uvivu. Basi tuchukue daftari na kalamu.

Tuseme nyumba ina vyumba sita, na kila chumba ni Sh. 40,000/= kwa mwezi. Kwa mwezi ni Sh. 240,000/=, na kwa mwaka ni Sh. 2,880,000/=. Wengi huishia hapo, wakaanza kupanga matumizi. Sasa tutoe:

Vyumba kukaa vitupu (kila chumba mwezi mmoja kwa mwaka): Sh. 240,000/=
Matengenezo (pango la mwezi mmoja wa nyumba nzima): Sh. 240,000/=
Kodi ya serikali juu ya pango lililopokelewa, asilimia 10: Sh. 264,000/=
Kodi ya jengo: Sh. 18,000/=
Maji, na taa za ukumbini na uani: Sh. 120,000/=
Gari la kunyonya shimo la choo: Sh. 100,000/=
Kodi ya ardhi: Sh. 30,000/=

Jumla ya kutoa ni Sh. 1,012,000/=. Kinachobaki ni Sh. 1,868,000/=, yaani kama Sh. 155,000/= kwa mwezi. Zile Sh. 240,000/= tulizozihesabu mwanzo hazipo, wala hazikuwapo kamwe.

Kila msomaji aweke tarakimu za nyumba yake mwenyewe, na kuhusu kodi ya serikali aende ofisi ya TRA akaulize utaratibu wake. Lakini asiruke mstari wa kwanza wala wa pili. Mtu anayehesabu kana kwamba vyumba vyote vitajaa miezi kumi na miwili, na paa halitavuja, amejitungia hadithi ya kujifurahisha.

3. CHUMBA KITUPU

Hapa ndipo palipo kosa letu la kwanza. Mwaka 2018 tulisikia majirani wamepandisha pango. Nasi tukapandisha, kutoka Sh. 40,000/= hadi Sh. 50,000/=. Katika chumba cha mbele alikuwapo fundi cherehani, kijana mtulivu, amekaa nasi miaka sita, na hakuchelewesha pango hata mara moja. Alikuja jioni, akaamkia, akakaa barazani, akasema, "Mwalimu, shilingi elfu kumi ni nyingi kwangu. Nguo za mitumba zimejaa, watu hawashoni kama zamani. Naomba iwe elfu tano." Tulimjibu kwamba hali ni ngumu kwa kila mtu. Mwisho wa mwezi alihama, akatuachia chumba kimefagiliwa na ufunguo juu ya dirisha.

Chumba kile kilikaa kitupu miezi minne. Tufanye hesabu yake. Kama angebaki kwa pango la zamani, tungepata Sh. 480,000/= kwa mwaka. Kwa pango jipya, miezi minane iliyosalia ilitupa Sh. 400,000/=. Tulipoteza Sh. 80,000/=, tukaongeza gharama ya rangi na kitasa kipya. Na kama tungekubali zile elfu tano alizoomba, tungepata Sh. 540,000/=.

Kanuni yake ni rahisi, na yafaa kuandikwa ndani ya jalada la daftari. Ukipandisha pango kutoka elfu arobaini hadi elfu hamsini, na chumba kikakaa kitupu kwa miezi miwili na nusu tu, nyongeza yote ya mwaka imekwisha kuliwa. Kwa hiyo kabla ya kupandisha, tujiulize, "Mpangaji huyu akiondoka leo, nitampata mwingine kwa muda gani?" Wakati mambo ni mazuri jibu ni wiki mbili. Wakati mambo ni mabaya yaweza kuwa nusu mwaka.

Hatusemi pango lisipande kamwe. Saruji, bati na ujira wa fundi hupanda, na nyumba isiyolipa haitengenezwi. Lakini lipande kidogo kidogo, kwa taarifa ya miezi miwili au mitatu, na kwa mpangaji mwema lipande chini ya lile la mgeni. Huo si upole tu, ni hesabu.

4. TUSIJENGE JUU YA HABARI

Sisi watu wa Tanga tunayo mafundisho yetu wenyewe kuhusu jambo hili. Wazee walitusimulia jinsi mkonge ulivyojaza vyumba vya Ngamiani. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge, na hakuna nchi iliyotupita. Kisha kamba za nailoni zikaenea duniani, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mazao hayakufika tani 30,000. Mashamba yakageuka pori, vijana wakaenda Dar es Salaam, na vyumba vikabaki na popo. Waliojenga wakitegemea mkonge peke yake hawakuwa wajinga. Ila walitegemea mguu mmoja.

Karibuni tumeona jambo la namna hiyo, lakini kwa upande wa matumaini. Agosti 2017 jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi, lile la kutoka Hoima nchini Uganda, liliwekwa hapa kwetu Chongoleani. Mji mzima ulichangamka. Tuliona watu wakiuza mashamba ili wajenge vyumba vya kupangisha wafanyakazi wa bomba. Lakini uamuzi wa mwisho wa kutoa fedha za mradi ule ulifikiwa Februari 2022, miaka minne na zaidi baadaye. Bomba halikuwa uongo, lakini marejesho ya mkopo hayangoji miaka minne.

Mafundisho yake ni mawili. La kwanza, tujenge kwa ajili ya wapangaji walioko, tusijenge kwa ajili ya wanaosemwa kwamba watakuja. Tutembee mtaani, tuulize dukani na kwa mjumbe ni vyumba vingapi vitupu, na vimekaa kwa muda gani. Kazi hiyo ni ya asubuhi mbili tu, wala haina malipo. La pili, tuchanganye wapangaji. Nyumba yenye mwalimu, muuguzi, fundi, mama wa biashara ndogo na kijana wa bandarini haitikisiki yote siku moja. Sisi tulilijua jambo hili, lakini hatukulifuata, kama mtakavyoona.

5. MKOPO

Mwaka 2019 tuliona wanafunzi wa chuo wakitafuta vyumba. Tukakopa Sh. 6,000,000/= kutoka chama kimoja cha akiba na mikopo, tukajenga vyumba vinne uani. Marejesho yalikuwa Sh. 215,000/= kila mwezi kwa miaka mitatu. Vyumba vinne kwa Sh. 45,000/= vingetoa Sh. 180,000/=, na pengo la Sh. 35,000/= tulisema litazibwa na pensheni. Dhamana ikawa nyumba tunayoishi.

Wanafunzi walikuja, vyumba vikajaa, nasi tukajiona tumefaulu mtihani. Kisha Machi 2020, kwa ajili ya korona, shule na vyuo vilifungwa. Kwa juma moja wanafunzi wote wanne walikuwa wamekwenda kwao. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni, lakini wawili hawakurudi kwetu, na wengine wawili walirudi bila fedha. Kwa miezi mitatu vyumba vile havikutoa hata senti. Marejesho ya miezi mitatu ni Sh. 645,000/=. Tukauza ng'ombe wa maziwa, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlipia mjukuu wetu ada. Hata hivyo haikutosha. Barua ikaja, imetaja namba ya nyumba yetu na siku zilizosalia. Usiku ule hatukulala. Tulikaa kitandani tukihesabu mahali pa kuhamia, sisi tuliokuwa tumepangisha watu kumi na zaidi.

Aliyetuokoa hatukumtazamia. Katika kile chumba cha fundi cherehani alikuwa ameingia mama mmoja anayekaanga samaki na kuuza jioni. Alipokuja kuomba chumba, tulidai pango la miezi sita. Alisema, "Mwalimu, biashara yangu ni ya kila siku. Sina za miezi sita, lakini mwezi hautapita bila wewe kupata chako." Tulisita. Kusema kweli tulimkubali kwa sababu chumba kilikuwa kitupu tu. Basi mwaka ule, wakati wenye mishahara walipotuomba subira, mama yule alileta pango lake kila Jumamosi, Sh. 10,000/= au Sh. 12,000/=, noti zinanukia mafuta. Kwa fedha zake, na za wengine wawili waliojibana, tulikwenda kwa wakopeshaji tukiwa na kitu mkononi. Wakatuongezea muda.

Tumejifunza haya juu ya mkopo:

(a) Nyumba tunayoishi isiwe dhamana ya vyumba vya kupangisha. Ikiwa hakuna dhamana nyingine, basi huo si wakati wa kukopa.

(b) Marejesho yawe ya kiasi ambacho nusu ya vyumba vitaweza kulipa. Kama twahitaji vyumba vyote vijae ndipo tulipe, mkopo huo ni mkubwa kuliko nyumba.

(c) Kabla ya kujenga kwa mkopo, iwepo akiba ya marejesho ya miezi mitatu, isiyoguswa.

(d) Mume na mke wakubaliane. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja wao kuuza nyumba ya familia wala kuiweka rehani bila idhini ya mwenzake. Wanawake, msitie sahihi karatasi msiyosomewa yote.

(e) Anayeweza kungoja, angoje. Chumba kimoja kilichojengwa kwa fedha taslimu huleta usingizi kuliko vinne vya mkopo.

6. PANGO LA MIEZI SITA

Desturi ya mjini ni kudai pango la miezi sita, au la mwaka mzima, kwa mara moja. Mwenye nyumba hujiona ana usalama. Lakini tutazame vizuri. Siku tunapopokea Sh. 240,000/= za miezi sita, fedha zilizo zetu ni Sh. 40,000/= tu za mwezi wa kwanza. Zilizobaki ni deni: tunadaiwa na mpangaji miezi mitano ya kukaa. Tukizitumia zote kwa arusi au kwa deni jingine, tutaishi miezi mitano bila kitu, na paa likivuja hatuna la kusema.

Sisi hutumia bahasha. Fedha zikiingia kwa pamoja, huzigawa katika bahasha sita zenye majina ya miezi, na kila bahasha huondolewa fungu la matengenezo kabla ya kufunguliwa kwa matumizi. Asiyependa kuweka fedha ndani aziweke benki au katika simu, lakini kanuni ni ile ile.

Tena, masharti ya miezi sita huwafungia mlango watu wa kipato cha kila siku, ambao mara nyingi ndio walipaji wazuri kuliko wote. Siku hizi tunakubali pango la mwezi mmoja au miwili, pamoja na amana ya mwezi mmoja inayorudishwa mpangaji anapohama ikiwa hakuharibu kitu. Tangu tuanze utaratibu huu hatujakaa na chumba kitupu zaidi ya wiki tatu.

7. MAANDISHI

Tulipokuwa chuoni, mkufunzi wetu hakumruhusu mtu kuingia darasani bila andalio la somo, hata kama somo lenyewe alilijua kwa moyo. Mkataba ndio andalio la mwenye nyumba. Ukurasa mmoja watosha, uandikwe nakala mbili, ukishuhudiwa na watu wawili au ofisi ya serikali ya mtaa. Uwe na mambo haya: majina ya pande mbili, chumba gani, watu wangapi watakaa, pango kiasi gani na hulipwa tarehe ngapi, amana, nani analipa maji na umeme, na kwa mgawanyo gani, nani anatengeneza nini, na taarifa ya kuhama au kuhamishwa, isiyopungua mwezi mmoja kwa pango la mwezi mwezi. Kila malipo yapewe stakabadhi. Hata fedha zikitumwa kwa simu, ziandikwe katika daftari.

Hapa kuna jambo dogo linaloleta manung'uniko makubwa. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa katika LUKU. Ilianza kwa Sh. 1,000/= kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa Sh. 1,500/=. Sasa, anayenunua umeme ni mpangaji, na jengo ni letu. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Wapangaji sita wakichanga umeme wa mita moja, kila mmoja ametulipia Sh. 250/= kwa mwezi. Mtu atasema ni kidogo mno. Ndiyo, ni kidogo. Basi mbona tushindwe kuirudisha? Sisi huipunguza katika mchango wao wa maji, na tumeiandika ukutani ukumbini ili kila mtu aione. Tangu siku hiyo hata ugomvi wa maji umepungua.

8. PAA KABLA YA MASIKA

Pwani hii hewa ya chumvi hula bati, na mchwa hula kenchi. Tusingoje mpangaji aweke ndoo kitandani. Kila Februari, kabla ya masika, tupande juu au tumtume fundi: atazame misumari iliyolegea, bati lililotoboka, mifereji ya paa iliyojaa majani, na njia ya maji uani. Msumari na kipande cha lami mwezi wa pili ni gharama ya siku moja. Mwezi wa tano utakuwa unanunua dari, godoro la mpangaji, na pengine unatafuta mpangaji mpya.

Wakati fedha ni haba, tufuate mpangilio huu: kwanza paa, pili choo na maji, tatu nyaya za umeme, nne milango na vitasa, mwisho rangi. Wengi huanza na rangi kwa kuwa inaonekana barabarani.

9. MPANGAJI ANAPOSHINDWA

Itafika siku mpangaji atashindwa kulipa. Kwanza tumsikilize mapema, juma la kwanza, kabla deni halijakua. Tuulize: Ameugua? Amefukuzwa kazi? Au hataki tu? Kwa aliyepatwa na shida tuandike mapatano: alipe nusu sasa, na deni alipunguze kwa kiasi fulani kila juma. Nusu ya pango ni fedha. Chumba kitupu si fedha. Tena kuna shida isiyo na mwisho, na hapo ni heri kumsamehe mtu deni la mwezi mmoja ahame kwa amani, kuliko kukaa naye miezi minane katika ugomvi.

Asiyetaka kulipa apewe taarifa kwa maandishi. Kisha twende serikali ya mtaa, na Baraza la Kata kwa usuluhishi. Ikishindikana, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini tusing'oe mlango, tusiezue bati, tusikate maji, tusitupe vyombo vya mtu nje. Tumewahi kuona, hapa hapa mtaani, mzee wa heshima akiezua chumba chenye mtoto mchanga kwa deni la miezi miwili. Deni hakulipwa, akashitakiwa yeye, na mpaka leo watu wakipita pale huonyeshana chumba kile.

HITIMISHO

Sasa tumjibu ndugu yetu wa mlangoni. Ndugu, kiwanja chako ni kizuri. Gawa kiinua mgongo chako mafungu matatu. Fungu moja liwe chakula na matibabu ya miaka miwili. Usiliguse kwa ujenzi. Fungu la pili lijenge vyumba viwili tu, si sita, viwe na paa zuri, choo safi na mlango imara. Fungu la tatu likae benki, likingoje siku ile usiyoijua. Usikope. Mwaka wa pili, vyumba viwili vikiwa na watu na daftari lako likisema kweli, ongeza cha tatu kwa pango la viwili vya kwanza. Utachekwa kwamba unakwenda polepole. Sisi tulikwenda mbio, na barua ilitufuata mpaka nyumbani.

Mkopo wetu ulikwisha mwaka 2023. Yule mama wa samaki bado yupo, chumba cha mbele. Tumempandishia pango mara moja tu, Sh. 3,000/=, baada ya kumpa taarifa miezi mitatu. Alipoipokea alisema, "Ahsante, Mwalimu, kwa kuniambia mapema." Fundi cherehani tulimtafuta tumwombe radhi, tuliambiwa amehamia Korogwe.

MASWALI YA KUJADILIANA
(Yafaa kwa mkutano wa Umoja wa Akina Mama, au wa wazee wa kanisa)

1. Andika mapato na matumizi ya nyumba yako kwa mwaka mmoja, ukifuata fungu la 2. Ni kiasi gani ulikuwa hukukihesabu?

2. Pango ni Sh. 30,000/= nawe wataka liwe Sh. 36,000/=. Mpangaji akihama, chumba kikikaa kitupu miezi miwili tu, mwaka huo umepata au umepoteza? (Jibu: hukupata wala hukupoteza. Ongeza juma moja, nawe umepoteza.)

3. Wapangaji wako wote wanategemea kazi gani? Kazi hiyo ikisimama miezi mitatu, utaishije?

4. Nani katika nyumba yako analipa kodi ya jengo: wewe au yeye?

5. Je, yuko mpangaji uliyemfanyia vibaya, ambaye bado unaweza kumpata?